Kuezua na kuezeka upya: sheria imesimama kwenye kuta, bati limeachiwa muuza duka

Shangazi yangu aliezeka nyumba yake mwaka 2014, nje kidogo ya Dar es Salaam, mahali ambapo upepo wa bahari unausikia usiku ukiwa kitandani. Vuli iliyopita aliweka ndoo tatu sebuleni na beseni moja juu ya kabati la vyombo. Fundi aliyepanda kuangalia hakumaliza dakika kumi huko juu. Alishuka na kipande cha bati alichokibandua kwenye upenu, amekichana kwa mkono kama mtu anavyochana boksi. Upande wa juu ulikuwa bado na rangi yake ya kijani, imepauka tu. Upande wa chini, ule usiooshwa na mvua, ulikuwa kutu tupu, inabaki vidoleni kama unga wa kahawa.

"Shangazi, hili bati ulinunua geji ngapi?" nilimuuliza.

"Thelathini, baba. Niliambiwa thelathini, nikalipa thelathini."

Kesho yake nilikipeleka kile kipande eneo la Gerezani, kwa fundi wa mashine za kukereza chuma, akanipimia kwa maikromita pale ambapo kutu ilikuwa haijafika. Alipima mara tatu, sehemu tatu tofauti. Milimita 0.22, rangi na zinki zikiwa humo humo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza swali moja kila ninapokutana na mtu wa ujenzi: ni nani katika nchi hii mwenye kazi ya kumwambia shangazi yangu, siku ile ya 2014 akiwa dukani na pesa mkononi, kwamba anachouziwa sicho? Nimepata majibu mengi ya kuhusu viwanda, bandari na vibali. Jibu la kuhusu dukani sijalipata. Na dukani ndiko gharama yote ya paa inakoamuliwa.

Tuanze na hilo neno geji, maana ndipo wizi unapojificha. Geji ni namba ya jedwali, haina urefu wala unene wake yenyewe, na majedwali yako zaidi ya moja. Kwa jedwali la Waingereza la waya linalojulikana kama SWG, geji 30 ni milimita 0.315. Kwa jedwali lao jingine la zamani, BWG, geji 30 hiyo hiyo ni milimita 0.305. Kwa jedwali la Marekani la bati lenye zinki, geji 30 inakaribia milimita 0.40. Ukishuka hadi geji 32, SWG inasema 0.274, BWG inasema 0.229. Juu ya hapo kuna suala la kama unene umepimwa kabla ya kupaka zinki na rangi au baada yake. Mnunuzi anasikia namba moja. Muuzaji ana nafasi ya kuchagua jedwali linalomfaa, na akiamua kudanganya kabisa, hakuna jedwali hata moja litakalomsuta, kwa sababu mnunuzi hakupewa milimita za kuzishika.

Lakini bati la shangazi haliingii kwenye jedwali lolote kati ya hayo kama geji 30. Halifiki hata 32 ya BWG, iliyo nyembamba kuliko zote nilizozitaja. Fanya hesabu ya kilo. Chuma cha unene wa milimita moja kina kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Nyumba yake ni ya mita 10 kwa 12, upenu sentimita 60 kila upande, mwinuko wa paa nyuzi 25 hivi. Hilo ni paa la mita za mraba 163, kabla ya kuhesabu mabati yanavyolaliana. Kwa milimita 0.30, paa hilo lingekuwa na kilo 384 za chuma. Kwa 0.22 lina kilo 281, tena hapo nimemhesabia muuzaji rangi na zinki kana kwamba nazo ni chuma. Shangazi alilipia zaidi ya kilo 100 za chuma ambazo hazikupanda kamwe juu ya nyumba yake. Mtu akikupunja kilo 100 za mahindi utapiga kelele mpaka mtaa mzima utoke nje. Hizi za bati zimepunjwa kwa unene wa unywele, zikasambazwa juu ya mita za mraba 163, na hakuna jicho linaloweza kuziona.

Wembamba huo haukai kimya. Fundi akikanyaga, bati linabonyea, na bonde lililobonyea linatuama maji. Upepo ukivuta paa kwenda juu, kichwa cha skrubu kinapenya kwenye bati jembamba kama kifungo kinavyotoka kwenye tundu lililochakaa. Skrubu inabaki kwenye papi, ile mbao inayoshikilia bati, na bati linaondoka. Tunaposikia kwamba upepo umeezua nyumba kadhaa kijiji fulani, tunazungumzia ukali wa upepo. Nani huwa anaokota yale mabati kesho yake na kuyapima?

Halafu kuna zinki, ambayo kwangu ni nzito kuliko unene, na ndiyo isiyozungumzwa kabisa kaunta. Chuma kitupu hakina maisha mbele ya mvua. Kinachokilinda ni mpako, na mpako unapimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Ukiona maandishi ya Z275, maana yake gramu 275, karibu mikroni 19 kila upande, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Z100 ni mikroni 7 tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinagawa hewa kwa ukali wake wa kula metali: katika hewa ya pwani yenye chumvi, daraja la C4, zinki inaliwa mikroni 2.1 hadi 4.2 kwa mwaka. Karibu zaidi na mawimbi, daraja la C5, hadi 8.4. Katika hewa kavu ya daraja la C2, haizidi mikroni 0.7.

Sasa chukua bati moja la Z100, liweke juu ya nyumba ya bara kwenye hewa kavu, na pacha wake uliweke kwenye hewa ya C4 ya pwani. La bara litakaa na zinki yake miaka 10 na zaidi. La pwani litakuwa limemaliza yake kati ya mwaka wa pili na wa nne. Rangi inasaidia pale inapokuwa nzima, ila rangi ya chini ya bati huwa nyepesi kuliko ya juu, na chumvi inayorushwa chini ya upenu haioshwi na mvua. Ndiyo maana kutu ya shangazi ilianzia chini, ikaja juu. Mabati ya mchanganyiko wa alumini na zinki, yale ambayo mpako wake una asilimia 55 ya alumini, yanavumilia chumvi vizuri zaidi ya zinki tupu, lakini nayo yana masharti yake: hayapatani na saruji mbichi wala chokaa, na yakilala juu ya mbao yenye dawa ya shaba ikiwa bado mbichi, yanaliwa. Mambo haya yanaandikwa kwenye vitabu vya viwanda. Muuza duka wa Buza au Tandika hajawahi kuyaona, na mteja wake ndiyo kabisa.

Niliingia maduka manne nikijifanya natafuta bati la kujengea karibu na bahari. Nilielezwa rangi, migongo mipana na migongo midogo, msauzi na vigae, na kwamba mzigo mpya unaingia Alhamisi. Gramu za zinki hakuna aliyezitaja. Nilipouliza mwenyewe, kijana mmoja mwungwana kabisa aliniambia, "Kaka, hilo swali hakuna mteja aliyewahi kuniuliza." Nilimwamini. Na sikuona kosa lake liko wapi, kwa sababu sijaona kanuni inayomlazimisha kujua.

Hapa ndipo tunapofika kwenye sheria. Wanaosema Tanzania hakuna udhibiti wa ujenzi wanakosea. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka idhini kabla ya kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango. Kanuni za udhibiti wa uendelezaji mijini za mwaka 2008 zimeweka utaratibu wa michoro, kibali cha ujenzi na ukaguzi. Makandarasi wana bodi yao tangu sheria ya 1997, wahandisi wana yao, wasanifu na wakadiriaji wana yao. Shirika la Viwango lipo tangu mwaka 1975, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya mabati: EAS 11 kwa yale ya zinki, EAS 468 kwa yale ya alumini na zinki. Wakala wa Vipimo upo. Tume ya Ushindani inashughulikia bidhaa bandia. Ukizipanga karatasi zote hizo mezani, utadhani bati haliwezi kupita.

Linapita kwa sababu kila mmoja amesimama kwenye lango lake. Shirika la Viwango linakagua kiwandani na linapokea mizigo bandarini, na tangu Julai 2019 limeongezewa chakula na vipodozi, kazi iliyokuwa ya mamlaka nyingine. Wakala wa Vipimo tunawaona kwenye mizani ya sokoni na pampu za mafuta. Tume tunaisikia alama ya biashara inapoghushiwa. Bati jembamba lisilo na alama ya mtu yeyote, lililouzwa kwa neno la mdomo kuwa ni geji 30, linapita katikati ya hawa wote bila kumgusa hata mmoja bega.

Halmashauri yenyewe macho yake yako kwenye kuta. Anzisha msingi bila kibali, wiki haiishi utakuta alama ya X nyekundu na neno SIMAMISHA. Sina ugomvi na hilo. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, sote tuliona jengo lisilo imara linavyoua. Ila paa linapobadilishwa, swali linakuwa gumu ghafla. Shangazi alipokwenda kuuliza kama anahitaji kibali, dirisha la kwanza lilimwambia kubadilisha bati ni matengenezo ya kawaida, aende tu. Dirisha la pili lilimwambia kama kenchi zinaguswa ni ukarabati, alete michoro ya nyumba na barua ya mtaa. Wa ofisi ya mtaa akamwambia amwone kwanza yeye. Kwa siku tatu alizunguka na bahasha ya kaki, mwanamke wa miaka 67, na mwisho wa yote hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka kununua bati gani. Waliulizia ramani, wakaulizia kiwanja. Kitu ambacho kingemwangukia kichwani hakikuwa kwenye fomu.

Kenya, jirani zetu, walikaa na kanuni za majengo za mwaka 1968 hadi juzi. Mpya zimeanza kutumika Machi 2025. Nawapongeza kwa kuandika upya. Lakini hata kanuni nzuri kiasi gani, ikiishia kwa mhandisi wa halmashauri, haitamkuta mtu anayeezua nyumba ya vyumba vitatu kwa mafundi wawili na ngazi ya mianzi. Huyo hana mkandarasi wala mshauri, na nyumba zetu nyingi zinaezekwa na kuezuliwa hivyo hivyo.

Kuezua, kwanza, si kinyume rahisi cha kuezeka. Aliyeezeka nyumba mpya alikuwa na kiwanja kitupu na muda. Anayeezua ana watu ndani. Vitanda vinahamishwa au vinafunikwa turubai. Wapangaji wa chumba cha uani wanaomba wapunguziwe kodi ya mwezi. Dari ya jipsamu iliyokwisha kunywa maji inaanguka yenyewe fundi anapogonga papi, kwa hiyo dari inaingia kwenye bajeti. Nyaya za umeme zilizopita juu ya dari zinaonekana kwa mara ya kwanza baada ya miaka 11, na ukiziona huwezi kuziacha vile zilivyo. Kofia, fisha bodi, gata: hakuna kinachorudi kama kilivyotoka. Na yote yafanyike kabla ya mvua, kwa hiyo mafundi wa kenchi wanaojua kazi wanapanda bei Septemba na Februari, kila mtu akiwatafuta kwa pamoja.

Kisha mbao. Kenchi za shangazi zilikuwa za mipaina ya Nyanda za Juu, ule mzigo unaoshuka kutoka Mafinga na mashamba ya Sao Hill. Aliuziwa kama mbao zilizotiwa dawa, na kweli zilikuwa za kijani. Fundi alikata moja katikati kwa msumeno na kutuonyesha mkato wake: kijani kilikuwa ngozi tu, hakikufika hata unene wa kucha, ndani mbao nyeupe kabisa na njia za mchwa. Dawa inayosukumwa kwa mgandamizo kwenye mtungi inaingia ndani ya mbao. Ya kuchovya kwenye pipa inabaki juu. Mbili hizi zinauzwa uwanja mmoja, rangi moja, na tofauti inaonekana baada ya kukata, wakati ambapo mbao ni yako. Kati ya kenchi 14 alibadilisha sita.

Nyumba za zamani zina jambo jingine, na hapa naomba nieleweke. Kama nyumba yako iliezekwa kwa asbesto, zile karatasi za kijivu za saruji zilizokuwa kwenye nyumba nyingi za mashirika na za serikali, usimruhusu fundi azikate kwa msumeno wala azitupe chini zivunjike. Vumbi lake ni nyuzinyuzi zisizoonekana, na Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Zinalowanishwa kwanza, zinashushwa nzima, zinafungwa kwenye nailoni. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 taka hatarishi hazibebwi na kila mwenye kirikuu. Zinahitaji mwenye kibali. Nimeona asbesto zilizovunjika zikitumika kuzuia tope kwenye njia ya kwenda shule, watoto wanazikanyaga asubuhi na jioni. Mwenye nyumba aliyezitupa pale alifanya hivyo kwa sababu kuzitupa kihalali kungemgharimu pesa ambazo bajeti ya bati haikuzihesabu.

Pesa zenyewe zinatoka wapi? Benki inakopesha zaidi kununua nyumba au kuijenga. Paa linalovuja si kitu kinachoeleweka kirahisi mbele ya afisa mikopo. Shangazi alipata nusu kwenye kikoba chake. Iliyobaki alikuwa karibu kuikopa kwa hawa tunaowaita kausha damu. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa taasisi ndogo za mikopo zisizopokea amana, asilimia 3.5 kwa mwezi, na hata huo ukomo ukihesabiwa kwa mwaka ni asilimia 42. Kausha damu halisi hawaujui huo ukomo. Tulikaa kikao cha familia tukachanga. Wasio na familia ya kuchanga wanaishi na ndoo.

Kwa hiyo ninaposikia hoja kwamba tukikaza udhibiti wa mabati tutapandisha bei na kumuumiza maskini, naielewa, na ninaiheshimu kwa sababu wengi wanaoitoa wanamaanisha. Bati la bei nafuu limetoa watu kwenye nyasi na makuti. Bibi yangu alilala chini ya nyasi, na alilipokea bati kama mtu anavyopokea ukombozi. Ila hesabu ya hoja hiyo inahesabu siku moja tu, siku ya kununua. Tuseme paa la bati jembamba linamalizika kwa shilingi milioni 6 na kudumu miaka 10, na la bati la milimita 0.40 lenye mpako mzuri linamalizika kwa milioni 9 na kudumu 25. La kwanza linakula laki sita kwa mwaka, la pili laki tatu na sitini. Na katika ile laki sita sijaingiza dari, wala wapangaji, wala kikoba. Mwenye kipato kidogo ndiye asiyeweza kabisa kumudu kuezua kila baada ya miaka 10.

Tena mimi siombi bati jembamba lipigwe marufuku. Lina mahali pake: banda la kuku, kibanda cha mlinzi, uzio wa muda. Mtu akitaka kuezekea nyumba yake bati la 0.22 kwa sababu ndizo pesa alizonazo mwaka huu, hiyo ni haki yake, mradi aambiwe ni 0.22 na alipie 0.22. Ninachokipinga ni kumuuzia kwa jina na bei ya 0.30.

Na dawa yake ni rahisi kiasi kwamba nashangaa haijatumika. Maduka ya vifaa vya ujenzi yanatakiwa na sheria kutoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Serikali inachukua Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa kiwango cha kawaida asilimia 18, kwenye bati hilo, na kabla ya hapo, tangu Julai 2022, jumuiya yetu imeweka bidhaa kadhaa za chuma kutoka nje kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35 ili kulinda viwanda vya ndani. Nakubaliana na kulinda viwanda vya ndani. Lakini nchi inayochukua sehemu yake kwenye kila bati ina deni kwa anayelilipia. Nilitafuta risiti ya shangazi ya 2014, ipo, wino umefifia. Imeandikwa MABATI, halafu idadi, halafu jumla. Ingetosha kanuni ya mstari mmoja: hakuna risiti ya bati isiyotaja unene kwa milimita na gramu za mpako. Viwanda vinavyojiheshimu tayari vinachapa mstari huo mgongoni mwa bati, kwa hiyo taarifa ipo. Kinachotakiwa ni kuilazimisha ifike kwenye karatasi. Siku hiyo shangazi angekuwa na ushahidi wa kwenda nao popote. Leo ana neno la muuza duka ambaye duka lenyewe limekuwa la simu.

Maikromita nazo. Wakala wa Vipimo wanajua kukagua mizani ya muuza nyanya. Chombo cha kupimia bati kinaingia mfukoni. Kila duka la bati liwe na kimoja kaunta, kimehakikiwa na kubandikwa stika, mteja apime mwenyewe. Neno geji libaki mdomoni mwa mafundi wakipenda, lakini kwenye bei na risiti ziwe milimita. Na halmashauri ziandike waziwazi, ukutani, pale watu wanapopanga foleni: kubadilisha bati bila kugusa kenchi, toa taarifa tu, kugusa kenchi, kibali cha ukurasa mmoja, chenye siku zake za kujibiwa. Ukurasa huo uulize mwinuko wa paa, aina ya bati na jinsi kenchi zitakavyofungwa kwenye linta. Hasa mwinuko, kwa sababu siku hizi kila mtu anataka paa lililofichwa nyuma ya ukuta, lenye mlalo mdogo na gata za ndani, na hizo gata zikiziba kwa majani siku moja ya masika, maji hayana pa kwenda isipokuwa chumbani. Mtindo ni mzuri kwa macho, lakini mwenye nyumba anastahili kuambiwa gharama yake ya matunzo kabla hajaanza.

Tulimaliza kuezeka wiki mbili kabla ya Krismasi. Siku ya kununua nilikwenda naye, na fundi, na maikromita tuliyoiazima Gerezani. Duka la kwanza walikataa tusipime. Duka la pili mwenye duka alitazama fundi akipima bati la kwanza, la tano, la kumi, akanyamaza, kisha akamwambia kijana wake, "Yale ya nyuma usiyatoe." Tulipata 0.40, mpako wa alumini na zinki, gramu 150. Shangazi ndiye aliyesimama mbele ya mashine ya EFD. Alimwomba kijana aandike milimita. Kijana akasema mashine haina sehemu hiyo. Akamwomba basi aandike kwa kalamu, apige muhuri, asaini. Iliandikwa. Aliisoma mara mbili akiwa ameishika mbali kidogo na macho, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni ule ule anaowekea leseni yake ya makazi.